Je, ni haki kumnyima masasisho mtu anayetumia Windows isiyo na leseni?

Mwenye_Steshenari (Morogoro) ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Ninamiliki steshenari ndogo yenye kompyuta sita. Zote nilizinunua zikiwa zimeshatumika, na zote zilipigwa Windows 10 na fundi mmoja aliyenitoza shilingi 15,000 kwa kila mashine. Sikumuuliza habari za leseni, wala sitajifanya hapa kwamba sikujua, kwa maana bei yenyewe ilikuwa imeshanieleza. Kazi zetu ni zile za steshenari yoyote: tunachapa barua, tunatoa nakala, tunawajazia wanafunzi fomu za mkopo wa elimu ya juu, tunawasaidia watu kutuma maombi ya ajira, na siku nzima tunachomeka flashi za watu tusiowajua.

Wiki mbili zilizopita mhasibu wa SACCOS moja alituletea flashi ili tumchapie ripoti ya mkutano mkuu. Alipofika ofisini kwake alikuta kila folda imegeuka njia ya mkato isiyofunguka, akarudi kwetu akiwa amefura, na ilibidi nikubali kwamba flashi ile ilikuwa safi ilipoingia mlangoni kwangu. Kijana mmoja anayesoma kompyuta chuoni alikuwepo, naye akasema mbele ya wateja kwamba hayo ndiyo malipo ya Windows ya wizi, kwa kuwa Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, haiwapi masasisho watu wasio na leseni, na kwamba inafanya vyema. Mteja mwingine alimpinga, akadai kuwa kampuni humpa kila mtu. Wakabishana mpaka foleni ikafika barabarani.

Nina maswali mawili. La kwanza ni la ukweli: je, ni kweli masasisho huzuiwa? La pili ni la haki: hata kama hayazuiwi, je, yanapaswa kuzuiwa? Naomba tu msinitumie funguo za leseni kwa ujumbe wa faragha. Nilipouliza jambo kama hili mwaka jana nilitumiwa tatu kabla sijapata jibu hata moja.

Fundi_Mkongwe amejibu:

Ndugu yangu, nianze na swali la kwanza kwa sababu ndilo lenye jibu la uhakika. Kijana wako amekosea, ingawa kosa lake lina historia.

Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ndipo Microsoft ilipoanza kumtaka mtumiaji wa kawaida athibitishe leseni yake kwa kampuni kabla ya kuendelea kuitumia. Makampuni makubwa yalipewa funguo ambazo hazikuhitaji hatua hiyo, na mmoja wa funguo hizo ulivuja hata kabla mfumo wenyewe haujafika madukani. Sisi tuliokuwa mafundi miaka ile tuliukariri kama namba ya simu ya nyumbani. Mwaka uliofuata furushi kubwa la kwanza la maboresho, lililoitwa Service Pack 1, lilikataa kuingia kwenye mashine yenye ufunguo ule. Kwa hiyo kuzuia kuliwahi kuwepo, tena waziwazi.

Halafu ikaja Agosti 2003 na kirusi kilichoitwa Blaster. Hicho hakikungoja mtu afungue barua pepe wala achomeke flashi. Ilitosha mashine kuwa kwenye intaneti, nacho kiliingia kupitia tundu la Windows yenyewe, kisha unaona kisanduku kinachohesabu sekunde 60 na kompyuta inajizima na kujiwasha, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka mwenye nayo anaibeba kuileta kwako akidhani ni umeme. Kiraka cha kuziba tundu lile kilikuwa kimetolewa Julai 16, karibu wiki nne kabla. Mashine moja isiyo na kiraka ilikuwa inatafuta wenzake mtandaoni bila kupumzika, na haikubagua mwenye leseni na asiye nayo.

Nadhani somo hilo ndilo lililobadilisha mambo. Mwaka 2004, ilipotoka Service Pack 2 ambayo ilikuwa hasa ya usalama, palikuwa na mvutano mkubwa kuhusu kama nakala za wizi ziruhusiwe kuipata, na mwishowe zilikataliwa zile zenye funguo zilizojulikana sana. Julai 2005 kampuni ikaanzisha ukaguzi wa lazima ulioitwa Windows Genuine Advantage, uliomtaka kila anayepakua programu kutoka kwake athibitishe kwanza kwamba nakala yake ni halali. Lakini tazama kilichoachwa nje ya ukaguzi ule: viraka vya usalama. Aliyewasha masasisho ya kujiendesha yenyewe alivipata hata kama nakala yake ilishindwa mtihani. Windows 10 nayo ikiwa haijathibitishwa inakuwekea maandishi ya kukukumbusha kwenye kona ya skrini na inakunyima kubadilisha rangi na picha ya usuli kwenye mipangilio, lakini viraka iliendelea kuvipokea kwa muda wote mfumo huo ulipokuwa ukihudumiwa.

Kuhusu swali la pili, mimi nasema viraka vya usalama visizuiwe, na vingine vyote kampuni ifanye itakavyo. Mhasibu wako hakuiba chochote. Ametumia fedha yake kuchapa ripoti, akaondoka na kirusi.

Msanidi_wa_Nairobi amejibu:

Nimesoma maelezo ya Fundi_Mkongwe kwa heshima, na tarehe zake sina ugomvi nazo. Ninachokataa ni hukumu yake.

Mimi huunda programu ya kusimamia karo za shule. Naiuza kwa bei ambayo shule ndogo ya binafsi inaweza kuimudu, na kwa kila shule inayonilipa najua kuna nyingine zinazoitumia kwa kuinakili kutoka kwa jirani. Mwaka jana shule moja ambayo haijawahi kunilipa hata senti ilinipigia simu saa nne usiku, siku moja kabla ya kufungua muhula, ikilalamika kwamba programu inakokotoa salio la mwaka uliopita vibaya. Hawakuona haya. Niliwatumia marekebisho kwa sababu wazazi wangefika asubuhi na risiti mikononi, na bado najilaumu. Tangu siku ile wananipigia kama wateja wa kawaida.

Sasisho si upepo unaojivumia wenyewe. Kuna mtu aliyekesha akilitafuta kosa, kuna mwingine aliyelijaribu kwenye mashine za aina mbalimbali, na kuna seva zinazolipiwa kila mwezi ili wewe ulipakue. Fedha hiyo hutoka kwa aliyenunua. Najua mtu atakuja hapa na mfano wa chanjo, kwamba ukimchanja jirani unajikinga nawe. Chanjo hulipiwa na kodi au wafadhili, kisha serikali ndiyo inayoamua kwamba kila mtoto apate. Hapa tunaitaka kampuni ya binafsi ifanye kazi ya serikali kwa fedha za wateja wake, na wateja wenyewe hakuna aliyewauliza.

Tena msidhani kwamba ulegevu huo ni huruma. Bill Gates, mmoja wa waanzilishi wa Microsoft, ndiye yule aliyewaandikia wapenzi wa kompyuta barua ya wazi Februari 1976 akiwalaumu kwa kunakili programu yake na kuwauliza ni nani awezaye kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo. Mwaka 1998, akizungumza na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington kuhusu China, alisema kwamba maadamu watu wataiba, afadhali waibe zetu, watazizoea, na njia ya kukusanya malipo itapatikana baadaye. Chambo hakitupwi majini kwa kumhurumia samaki.

Na samaki ni sisi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya kuandikia barua na kupigia hesabu, kwa Kiswahili, bure na kwa halali. Mwaka huohuo ilitoka Ubuntu, mfumo endeshi wa bure ulioanzishwa na Mwafrika Kusini, Mark Shuttleworth. Mnakumbuka wangapi waliozitumia? Bure ya halali iliposhindana na bure ya wizi, bure ya wizi ilishinda, kwa sababu ndiyo iliyokuwa kwenye tarakilishi ya kila jirani na ndiyo iliyofundishwa kwenye kila chuo cha mtaani. Kama Microsoft ingefunga bomba la masasisho kabisa mwaka 2005, tungeumia mwaka mmoja au miwili, kisha tungehamia kwenye mifumo ambayo hakuna mtu angeweza kutunyima. Huruma ya viraka ndiyo iliyotubakisha tulipo.

Wakili_Kijana amejibu:

Niongeze jambo la kisheria kwa ufupi, kisha niseme linalonisumbua zaidi.

Kisheria Msanidi ana nguvu. Programu za kompyuta zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hapa Tanzania, na kwa upande wa Kenya zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mtu asiye na leseni hana mkataba na kampuni, na asiye na mkataba hawezi kusimama mahali popote akadai huduma inayotokana na mkataba huo. Kampuni ikiamua kumfungia masasisho haimvunjii haki yoyote. (Mwenye mada amekiri hadharani kwamba bei ilimweleza kila kitu. Ningekuwa wakili wake ningemshauri aandike machache zaidi.)

Linalonisumbua ni namna ya kumtambua mwizi. Anayeamua kwamba nakala fulani ni ya wizi ni seva ya kampuni, ambayo haisikilizi utetezi. Agosti 2007 seva za ukaguzi wa Windows Genuine Advantage zilipata hitilafu iliyosababishwa na makosa ya watu wa kampuni yenyewe, na kwa muda wa saa 19 hivi maelfu ya mashine zilizonunuliwa kwa halali zilihesabiwa kuwa za kughushi. Wenye Windows Vista walipoteza kwa muda baadhi ya vipengele walivyovilipia. Bahati nzuri vingi vilikuwa vitu vya ziada kama madoido ya skrini. Jiulizeni ingekuwaje kama adhabu iliyopangwa ingekuwa ni kufungiwa viraka vya usalama.

Mwaka uliofuata, Oktoba 2008, kampuni ilipeleka China sasisho ambalo liligeuza picha ya usuli kuwa nyeusi kila baada ya saa moja kwenye mashine zilizoshindwa ukaguzi. Hasira ilikuwa kubwa, na wakili mmoja wa Beijing alifikisha malalamiko kwa vyombo vya usalama, akihoji ni kwa mamlaka gani kampuni inaingia kwenye kompyuta ya mtu na kuibadilisha. Unaweza kumcheka wakili huyo, lakini kumbuka kwamba katika soko la aina ile, kama lilivyo soko letu, wako wengi walionunua mashine dukani, wakalipa bei kamili na kupewa risiti, wasijue kwamba muuzaji alipiga nakala ya wizi ili abaki na fedha ya leseni. Ukaguzi unamkamata kirahisi huyo aliyeuziwa. Yule aliyeiba kwa ustadi anajua namna ya kuukwepa, na mara nyingi ndiye muuzaji mwenyewe.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mwembamba kuliko wa Fundi: sisemi asiye na leseni anastahili viraka, nasema kampuni haina kipimo kinachoaminika vya kutosha cha kumpa adhabu nzito kiasi hicho.

Fundi_Mkongwe amejibu:

Msanidi, umeniambia kweli kuhusu Jambo OpenOffice, nami nilikuwa miongoni mwa waliokataa kuijaribu. Lakini naona tunabishana kuhusu mlango ambao karibu hakuna anayeingilia.

Tazameni WannaCry. Mei 12, 2017 kirusi hicho kilianza kufunga mafaili ya watu na kudai fidia, na ndani ya siku chache kilikuwa kimegusa kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi 150 hivi. Kiraka cha tundu kilichotumika kilikuwa kimetolewa Machi 14, miezi miwili kabla. Mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, mfumo ambao wakati ule ulikuwa bado unapokea masasisho. Hospitali za Uingereza zilizolazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani hazikuwa na shida ya leseni. Shida yao ni kwamba kiraka hakikuwa kimewekwa. Kampuni ilishtuka kiasi cha kutoa kiraka hata cha Windows XP, ambayo ilikuwa imeacha kuhudumiwa tangu Aprili 2014, na haikumuuliza mtu ufunguo.

Sasa turudi Morogoro. Masasisho ya huyu ndugu yetu yamezuiwa, nina hakika karibu kamili, ila aliyeyazuia hakai Marekani. Ni fundi. Nitaeleza jinsi inavyofanyika kwa sababu nimeifanya kwa miaka mingi na nililipwa.

Fundi anakuja na flashi yenye Windows iliyochezewa, mara nyingi toleo la Enterprise, lile la makampuni, kwa sababu ni moja na linaingia kwenye kila mashine. Baada ya kuipiga anaweka programu inayojifanya ni ile seva ambayo makampuni makubwa hutumia kuthibitisha leseni za kompyuta zao. Uthibitisho wa namna hiyo hudumu siku 180, kwa hiyo programu hiyo lazima ibaki ndani ya mashine ikiurudia kimyakimya. Antivairasi ya Windows inaijua na huifuta mara inapoiona. Ili isifutwe, fundi anaanza kwa kuizima antivairasi, au anaiamuru isichungulie folda fulani. Kisha anazima huduma ya masasisho, kwanza ili kazi yake isije ikavurugwa, na pili ili mteja asirudi baada ya siku tatu akidai kwamba kompyuta imemla bando. Hilo la bando si dogo, maana sasisho la mwezi linaweza kuwa na mamia ya megabaiti, na toleo jipya la mfumo linafika gigabaiti kadhaa. Mteja mwenyewe anakushukuru ukimzimia.

Kwa hiyo mashine inatoka kwangu ikiwa haina mlinzi, haipati viraka, na ina programu ya mtu nisiyemjua ambayo nimeipa ruhusa zote. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walionyesha kwamba programu ya namna hiyo ilikuwa inasambazwa ikiwa imebeba Cryptbot, ambayo huiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Mwenye steshenari anawajazia wanafunzi fomu zenye namba za vitambulisho na nywila zao. Afikirie hapo.

Na kile kirusi cha njia za mkato, ndugu yangu, kwa kawaida hakihitaji tundu lolote la Windows. Kinaficha folda zako, kinaweka njia ya mkato yenye jina lilelile, na wewe unaibofya kwa mkono wako. Kinachokizuia ni antivairasi iliyo hai na yenye taarifa mpya, na taarifa hizo huja kwa njia ileile ya masasisho aliyoifunga fundi wako. Zamani flashi zilikuwa hatari zaidi ya hapa, kwa kuwa Windows iliendesha yenyewe programu iliyomo mara tu ukichomeka. Kirusi cha Conficker cha mwaka 2008 kilinufaika sana na mlango huo, mpaka Februari 2011 lilipotoka sasisho la kuufunga kwenye XP na Vista.

Jambo la mwisho, na hili ni la bure. Kompyuta nyingi za makampuni makubwa zilizotengenezwa tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 zimeandikiwa ufunguo wa leseni kiwandani, ndani ya chipu ya bodi kuu. Ukipiga Windows halisi, toleo lilelile ambalo mashine ilizaliwa nalo, inajithibitisha yenyewe ikishapata intaneti, bila kununua chochote. Mingi ya mitumba tunayoletewa kutoka Ulaya na Dubai ni ya aina hiyo. Sisi mafundi tunapiga Enterprise ya wizi juu ya Pro ya halali, kwa sababu hatuna muda wa kutazama. Fungua mashine zako moja moja uangalie.

Msanidi_wa_Nairobi amejibu:

Hilo la ufunguo kwenye bodi kuu nilikuwa nikilijua, ila sikuwahi kulihusisha na mjadala huu, na ninakiri kwamba linanipunguzia hasira kidogo. Kama mtumba ulishalipiwa leseni na kampuni ya Ujerumani iliyoutumia kwanza, basi hapo hakuna aliyeibiwa. Kuna fundi aliyeharibu mali halali.

Hata hivyo siondoki kwenye hoja yangu kwa zile mashine ambazo hazina ufunguo wowote. Hizo wekeni Linux, mfumo endeshi wa bure, na kazi za kuchapa zifanyieni kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na Windows 11 inadai chipu ya usalama na prosesa za miaka ya karibuni, kwa hiyo mitumba mingi inakataliwa hata kwa mwenye leseni mkononi. Tangu siku hiyo kampuni imemnyima masasisho ya kawaida aliyelipa na asiyelipa kwa pamoja, nami nina hamu ya kusikia Fundi anaiitaje.

Fundi_Mkongwe amejibu:

Naiita jina lilelile. Tundu likiwa wazi kwenye mamilioni ya mashine, mwenye uwezo wa kuliziba aliyeamua kutoliziba ana sehemu yake katika kitakachopita humo. Sijasema hana haki kisheria, hilo Wakili ameshalimaliza.

Mwenye_Steshenari amejibu:

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilifunga biashara Jumapili nzima nikawa na mashine hizi.

Kati ya sita, nne zina ufunguo wa Windows Pro kwenye bodi kuu, kama alivyosema Fundi_Mkongwe. Nimezipiga upya kwa Windows iliyopakuliwa kutoka kwa kampuni yenyewe, na zote nne zimejithibitisha kabla sijamaliza kunywa chai. Yaani kwa miaka miwili nimekuwa nikijihesabu mwizi wa kitu kilichokuwa changu, na nilimlipa mtu shilingi 60,000 anifanye hivyo. Ya tano ni ya enzi za Windows 7, kibandiko chake cha leseni kimefutika hakisomeki, nayo nimeiwekea Linux Mint. Binti anayetuchapia barua ameshaanza kulalamika kwamba majedwali ya wateja yanahama yakifunguliwa huko, na kwa hilo Msanidi ajiandae kwa maswali. Ya sita haina ufunguo wowote. Nimeiondoa kwenye mtandao mpaka nipate fedha ya leseni, inabaki ya kuchapishia tu, na flashi za wateja haigusi.

Kabla ya kufuta nilitazama kila moja. Huduma ya masasisho ilikuwa imezimwa kwa mkono kwenye zote sita, na antivairasi ilikuwa imezimwa kwenye tano. Sasisho la mwisho lilikuwa la wiki ileile fundi alipozileta. Nilimpigia simu, si kwa ugomvi. Aliniambia kwamba tangu aanze kazi hii hakuna mteja aliyewahi kumuuliza mashine ina leseni gani, wote humuuliza itachukua muda gani.

Flashi ya mhasibu nimeisafisha. Mafaili yake yote yalikuwemo, yalikuwa yamefichwa tu, na nimemchapia ripoti ya mwaka huu bila malipo.

Kuhusu haki, bado nimesimama katikati. Nikimsoma Msanidi namwona ana haki ya jasho lake, na nikimkumbuka mhasibu naona Fundi amesema kweli. Lakini swali langu la sasa ni dogo zaidi. Nimeziwasha masasisho zote nne kwa pamoja, bando langu la gigabaiti 10 linakaribia kuisha, na moja imekwama kwenye asilimia 27 tangu saa tatu asubuhi. Niizime?

Fundi_Mkongwe amejibu:

Usiizime. Simamisha upakuaji kwenye zile tatu, kisha kwenye mipangilio ya masasisho ya zote nne ruhusu mashine zigawane na nyingine zilizo kwenye mtandao wako wa ndani. Ikishapakua moja, nyingine zitachota kwake badala ya kuchota kwenye bando. Hiyo iliyokwama iache iendelee mpaka usiku.